Mialoni Niliyoifungia Nje

Kwa miaka thelathini na minane nilifundisha habari za mialoni bila kuuona hata mmoja. Nilikuwa mwinjilisti huko kwetu, upande wa Shinyanga, na kwetu mwaloni ni mti wa Maandiko tu, hauoti mahali pengine. Baba wa imani alipiga hema chini yake. Mwana wa mfalme mwenye nywele nyingi alinaswa humo akaning'inia kama shati lililoanikwa. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wakiniuliza mwaloni ukoje. Badala ya kusema sijui, neno ambalo chuo cha Biblia hakikutufundisha kulitamka, niliwajibu kwamba ni kama mkwaju, ila ni mtakatifu zaidi. Wakaridhika. Watoto wa siku zile walikuwa na huruma kwa walimu wao.

Kisha nikastaafu, mke wangu akatangulia mbele za Bwana, na binti yangu, ambaye ni muuguzi, akaniita nikaishi naye Oakdale, mashariki ya Saint Paul, huko Marekani. Nilikaa hapo miaka minne. Kila asubuhi nilitembea chini ya miti mikubwa yenye magome yaliyopasukapasuka kama nyayo za mkulima, na kila Septemba miti ile ilinidondoshea vitunda vigumu juu ya upara, nami nikaikemea kwa Kisukuma. Siku moja binti yangu, akiwa anaendesha gari, akaniambia kwamba jina la mji wetu maana yake ni bonde la mialoni. Nikamwuliza hiyo mialoni iko wapi.

"Baba," akasema, "ni hiyo unayoitukana kila asubuhi."

Nilimshukuru Mungu kwa uvumilivu wake. Mimi ningekuwa yeye, ningekwisha kuangusha tawi zima.

Ibada yetu ya Kiswahili tunaifanya katika kanisa la Wamarekani wazee, wajukuu wa watu waliotoka Norwe na Sweden. Wao wanasali saa tatu, sisi saa sita, tunapokezana kama zamu za hospitali. Nyuma ya kanisa kuna msitu mdogo wa mialoni, kama viwanja viwili vya mpira hivi. Nilipoingia humo mara ya kwanza nilidhani nimekosea nikaingia ibada ya saa tatu: wazee watupu, wamesimama wima, wa umri mmoja, kimya, na hakuna mtoto hata mmoja anayelia. Chini ya miti ile mikubwa hapakuwa na mialoni midogo. Palikuwa na vichaka tu.

Aliyenieleza sababu ni bibi mmoja wa kanisa lao, mwenye miaka themanini na minne, aliyejipa kazi ya kuulea msitu huo baada ya mumewe kufariki. Alikuwa mwembamba, haongei kwa kupamba, na sikio lake moja halisikii, nadhani ni lile analoligeuzia kamati. Akaniambia mbegu za mialoni huanguka kwa wingi, lakini kindi wanazila, na zikiota kulungu wanaila miche, na mche ukiponyoka kwa kulungu unafia kivulini. Maana mwaloni mchanga unataka jua, na jua lote limeshikwa na mti wa kichaka unaoitwa bakthoni. Mti huo waliuleta Wazungu wenyewe kutoka Ulaya, wakaupanda uwe uzio wa nyumba zao, nao ukaruka uzio. Ni mhamiaji kama mimi, ila yeye hakuulizwa karatasi.

Hata hivyo, sehemu moja mwaloni mkubwa ulikuwa umeangushwa na dhoruba, jua likafika chini, na pale bibi alikuwa amepata miche kumi na miwili, ya kufika goti, iliyoota yenyewe. Kwa miaka mingi hakuwahi kuona mingi hivyo. Aliitembelea kila juma. Hakuifunga alama yoyote, kwa sababu, alisema, hakuna mama anayewafunga watoto wake utepe ili asiwachanganye na wa jirani.

Sasa upande wetu. Watu wetu wanatoka Brooklyn Park, wanatoka Saint Louis Park, na kila mtu na gari lake. Hata mume na mke huja na magari mawili, kwa sababu mmoja akitoka kanisani anaelekea zamu. Maegesho yanajaa kabla ya wimbo wa kwanza. Mwenyekiti wa ibada yetu, Mkenya wa mambo ya kompyuta, kijana wa miaka arobaini na mitano, aliliweka jambo hilo mbele ya kamati ya majengo ya makanisa yote mawili. Alisema kwamba msitu ule ni wa wazee wanaongoja kuanguka, hauna kizazi, na kwamba kina mama wanabeba watoto wachanga juu ya barafu kutoka barabarani. Akataka uwekwe lami. Alisema vizuri, na sehemu ya barafu ilikuwa kweli tupu.

Kamati ikabishana mpaka kahawa ikapoa, kisha ikaamua hivi: wangoje mwaka mmoja. Ikifika Juni nyingine, kama kutakuwa na mialoni michanga kumi iliyo hai na iliyoota yenyewe bila kupandwa, msitu utabaki. Ikipungua kumi, ni lami. Bibi alikuwa na kumi na miwili. Alitoka kwenye kikao akitembea kama mtu mwenye akiba.

Ili kuipa miche ile jua zaidi, bibi aliomba waletwe mbuzi. Huku watu huwaajiri mbuzi kula bakthoni. Wanapakiwa kwenye tela, wanapelekwa kazini, wakimaliza wanarudishwa, kama sisi wengine tu. Niliposikia hivyo nilisimama katikati ya kikao nikasema nimechunga mbuzi tangu nikiwa na miaka sita, na kwamba katika jambo hili sihitaji kufundishwa na mtu. Maneno hayo ya mwisho nimeyakumbuka mara nyingi.

Mbuzi walipangwa kuja mwishoni mwa Oktoba. Juma moja kabla, bibi akaanguka jikoni kwake, akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji. Akiwa kitandani alimpigia simu binti yangu, naye akanitafsiria: bibi ana vizimba kumi na viwili vya waya ghalani, anaomba mzee akaifunike ile miche kabla mbuzi hawajafika, kizimba kimoja kwa mche mmoja, pale mti ulipoanguka. Nikasema mwambieni alale kwa amani.

Binti yangu akaniteremsha asubuhi kanisani, akaenda zamu. Nikaingia msituni peke yangu na vizimba vyangu. Miti mikubwa yote ilikuwa imepukutisha majani, chini pamekuwa kahawia mtupu; vichaka sikuvitazama, hivyo vilikuwa kazi ya mbuzi. Na pale mti ulipoanguka nikaona vijiti vyembamba vyenye majani yaliyojikunja, yaliyokauka, yananing'inia bado, vimekufa vimesimama. Nikavisikitikia. Lakini kando yake nikaona miche mizuri, ya kufika goti, majani yake mabichi, yanang'aa, wakati miti mikubwa yote imenyauka. Nimefundishwa tangu utoto kwamba mwenye haki ni kama mti ambao majani yake hayanyauki. Nimelihubiri jambo hilo kwenye harusi, kwenye misiba, na mara moja kwenye ufunguzi wa kisima. Sikusita hata kidogo. Nilihesabu ile mibichi kumi na miwili, nikaifungia vizimba vyote, nikapiga vigingi kwa jiwe, nikapiga magoti nikamshukuru Mungu kwa kunipa macho ya kutambua.

Alhamisi mbuzi wakaja. Mwenye mbuzi alikuwa mkulima mrefu, Mmarekani wa maneno machache, akazungusha wavu wa umeme na kuwafungulia. Nilikaa siku nne kwenye kiti cha plastiki, nimevaa koti la binti yangu, nikiwatazama mbuzi arobaini wakifanya kazi bila kikao. Nilifurahi kupita kiasi. Walisimama kwa miguu ya nyuma, wakavuta matawi, wakamenya magome. Mmoja alikula karatasi ya ratiba ya ibada iliyokuwa mfukoni mwangu. Maandiko yana neno juu ya mbuzi, kwamba siku ya mwisho watawekwa upande wa kushoto, na baada ya siku nne nao sikuona kosa lolote katika hukumu hiyo.

Walipoondoka, bakthoni ilikuwa imebaki fito. Jua liliingia msituni hadi chini. Na katikati ya uwazi ule vilisimama vizimba vyangu kumi na viwili, na ndani yake mimea ya kijani, salama kabisa.

Baada ya majuma mawili bibi akaruhusiwa kutembea kwa fremu. Binti yangu akamwendea kwa gari, tukamwongoza polepole hadi pale. Alisimama mbele ya kizimba cha kwanza muda mrefu. Akaenda cha pili. Kisha akaniuliza ni nini kile kilichomo ndani.

"Mwaloni," nikasema, na kifua changu kikapanda.

"Rafiki yangu," akasema, "hiyo ni bakthoni."

Nikamwomba binti yangu anitafsirie tena, maana Kiingereza changu wakati mwingine hunidanganya. Safari hii hakikunidanganya. Binti yangu alitazama vile vizimba kimoja kimoja, akafunika mdomo kwa kiganja, akasema, "Baba, umewafungia wezi ndani, umewaacha watoto nje."

Ndipo bibi akanieleza, bila hasira, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Bakthoni hushika ukijani wake hata majira ya majani kupukutika, ndiyo hila yake, inaendelea kula jua wakati wenzake wamelala. Lakini mwaloni mchanga mara nyingi hukausha majani yake na hauyaachii. Unakaa nayo baridi yote, yamekufa, mpaka majipya yayasukume. Vile vijiti nilivyovisikitikia vilikuwa ndiyo mialoni yenyewe.

Miaka thelathini na minane ya mahubiri, na mbuzi arobaini.

Tukatafuta. Bibi alichokonoa majani makavu kwa fimbo, mimi kwa magoti. Mbuzi hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo hakati kijiti, hukichana, na tulitafuta vijiti vilivyochanika. Tulipata visiki saba, vifupi kama kidole gumba. Vile vitano vingine vilikuwa vimeliwa hadi usawa wa udongo, hatukuviona, na kesho yake theluji ikaanguka. Nilihamisha vizimba saba, nikavifunika vile visiki. Bibi akasema mzizi wa mwaloni hushuka chini kabla shina halijajaribu kupanda juu, kwa hiyo chakula chake kipo ghalani, yaani mzizini, tungoje. Nilijibu kwamba tutangoja. Moyoni niliona ananipa pole kwa njia ya kistaarabu.

Kwenye kikao cha Novemba nilisimama nikaungama mwenyewe, kabla ya kuulizwa. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Aliniambia nisijilaumu, kwamba Mungu hutumia hata mbuzi, na kwamba sasa jambo la maegesho limepata jibu lake. Hakusema kwa ubaya. Lakini Jumapili iliyofuata mtu mzima na akili zake alinisalimu mlangoni, "Shikamoo, Mzee Bakthoni," na jina likanata. Hata watoto, ambao hutuelewa tukisema Kiswahili na kutujibu kwa Kiingereza, jina hilo walilitamka vizuri sana.

Baridi ya huku ni ndefu, inampa mtu nafasi ya kukumbuka. Mimi nilimkumbuka baba yangu. Kwetu Usukumani kuna ngitili. Ni kipande cha ardhi ambacho mvua zinapoanza kinafungwa, mfugo haukanyagi, majani yanarudi, visiki vinachipua. Kiangazi kikikaza, wazee wanakifungua, mifugo inaingia, inakula, inatoka, panafungwa tena. Hapana ukuta wala waya, ni neno la wazee tu. Mbuzi akikamatwa ndani wakati pamefungwa, wazee wanakaa, wanahukumu, na hukumu huishia kwenye moto. Kwa hiyo wazee wale walisali kila siku ngitili ilindwe, na kimoyomoyo walisali mbuzi wa jirani apotee njia. Baba yangu alikuwa mmoja wao, na alikuwa mnene.

Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kwa nini tusiwafukuze mbuzi moja kwa moja, maana wanaharibu miti. Akaniambia, "Mbuzi si adui wa mti. Adui ni mbuzi anayerudi." Nililichukua kuwa neno la mtu aliyeshiba. Sasa, nikiwa nimeketi dirishani Oakdale, theluji imefika kizingiti cha dirisha, nililisikia upya. Mbuzi wangu walifanya mema mawili, wamefungua jua na wamekanyaga mbegu zikazama kwenye udongo, na walifanya baya moja. Mti husamehe meno mara ya kwanza. Lakini mti haujasoma habari za saba mara sabini. Mbuzi akiuma tena kichipukizi kile kile kabla hakijarudisha kilichotolewa ghalani, mzizi unakata tamaa.

Aprili msitu ukaanza kuwa wa kijani, watu wakanipongeza. Safari hii nilikuwa mwangalifu, nikamwuliza bibi. Akasema ni bakthoni, inachipua kutoka kwenye fito zake, huwa ya kwanza kuamka kama ilivyo ya mwisho kulala. Mialoni ilikuwa haijaonyesha kitu. Kila juma nilikwenda kuinama juu ya vile visiki saba, na kila juma nilikuta visiki saba. Hata mkwe hangojewi hivyo.

Mwenyekiti naye aliuona ule ukijani. Kwa kuwa wapima ardhi wangekuja Juni mara tu baada ya hesabu, na hakutaka wahangaike kupasua vichaka, akapiga simu mbuzi waletwe tena Ijumaa ya mwisho ya Mei. Hakutuambia. Hakuwa na nia ya kuficha, aliona hakuna cha kuambia. Mimi nilijua Jumatano, kutoka kwenye tangazo ubaoni.

Alhamisi nilikwenda na bibi. Alikuwa ameacha fremu, anatumia fimbo. Tukainama kwenye kizimba cha kwanza, na pale ubavuni mwa kisiki kulikuwa na kijichipukizi chenye majani ya rangi ya waridi, laini kama sikio la mtoto wa sungura. Sikujua kwamba mwaloni huzaliwa na rangi hiyo. Kizimba cha pili kilikuwa nacho, na cha tatu. Tulipomaliza, sita vilikuwa hai, kimoja kilikuwa kimekufa kweli. Nje ya vizimba, bibi alifukua majani kwa kidole akaniita, akanionyesha kimoja cha vile vitano vilivyopotea, kinatoka udongoni kama mtu anayechungulia mlangoni. Tukapata na kingine. Nane. Mingine iko wapi hatukujua, na kesho yake mbuzi arobaini wangepita kwenye kila inchi isiyo na waya, na hata vizimba vyenyewe mbuzi akiamua huvipindua.

Bibi aliketi kwenye gogo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amechoka. Akasema hataandika barua nyingine kwa kamati, ameandika za kutosha, na kwamba akiondoka duniani ni afadhali aondoke akijua, iwe ndiyo au hapana. Nikamrudisha kwenye gari. Sikumwahidi lolote. Ahadi zangu zilikuwa zimekula miche kumi na miwili.

Ijumaa asubuhi nilikuwa langoni kabla ya tela. Nilikuwa na kiti changu cha plastiki, nimekiweka katikati ya njia. Mkulima alishuka, akanitambua, akanipa mkono. Kwa Kiingereza changu cha kuungaunga nikamweleza kwamba ndani kuna watoto na kwamba pamefungwa. Alifikiri kidogo, akasema hata yeye kwake hawarudishi mbuzi kwenye kipande kimoja mpaka kipumzike, lakini ameajiriwa, na aliyemwajiri siyo mimi. Nikakubali kwamba ni kweli. Tukangoja, yeye ameegemea tela, mimi kwenye kiti, mbuzi wakitutukana kutoka ndani.

Mwenyekiti alifika na chai yake mkononi. Aliniona kwenye kiti, akasimama.

"Mzee, shikamoo. Kuna nini tena?"

"Marahaba. Hapa pamefungwa."

"Nani amefunga?"

"Baba yangu," nikasema.

Alijua kwamba baba yangu alikwisha kufa. Alitazama mbuzi, akamtazama mkulima, akanitazama mimi kwa upole ambao watu huwapa wazee wanaoanza kupotea. Kwa hiyo nilimweleza ngitili yote, na hukumu zake, na wazee wake wanene. Nikamwambia kwamba siwafukuzi mbuzi, mimi nawapenda, ila kwenye ukanda wa kando ya barabara, ambako bakthoni imesongamana na hapana mwaloni hata mmoja, hawajafika bado. Wapelekwe kule. Yeye apate njia safi ya wapima ardhi, nami nipate majuma mawili yaliyobaki ya mwaka tulioahidiwa. Kisha tuhesabu, na nane ikibaki nane, nitashika mwenyewe kamba ya wapima ardhi.

Alikunywa chai. Alisema, "Mzee, mwaka jana ulituambia katika mambo ya mbuzi hufundishwi na mtu."

"Nilikosea," nikasema. "Na wewe ndiye uliyecheka zaidi, kwa hiyo unajua nilikosea kiasi gani."

Hapo akacheka tena, na mkulima naye, ambaye hakuelewa hata neno, akacheka. Mbuzi wakaenda kando ya barabara. Nikawachunga mwenyewe siku tatu, kwa miluzi ya kwetu, na Wamarekani waliokuwa wakipita na mbwa zao wakasimama kutupiga picha.

Siku ya hesabu ilikuwa Jumamosi, katikati ya Juni. Tulikuwa wanne: mwenyekiti kwa niaba ya kamati, bibi, binti yangu na mimi. Mwenyekiti alisema wazi kwamba kila mche atathibitishiwa na bibi, si na mimi, na sikuona kosa. Akapiga magoti, akahesabu sita kwenye vizimba. Akahesabu viwili vilivyochungulia. Nane. Akasimama, akajikung'uta suruali, na niliona kwamba hakufurahi kama alivyotarajia.

Bibi hakusimama. Alikuwa amepiga magoti hatua kumi mbele, pale mbuzi walipokuwa wakikusanyika kunywa maji Oktoba iliyotangulia, mahali palipokanyagwa mpaka pakawa kama uwanja wa ngoma. Akatuita. Paliota vitu vidogo, virefu kama kidole, vyenye majani manne manne. Bibi alifukua udongo kwenye kimoja, na chini yake, bado imeshikamana, ilikuwepo mbegu ya mwaloni imepasuka katikati. Vilikuwa vinne.

Mwenyekiti alichuchumaa akatazama. Hakubisha kwamba ni mialoni, mbegu ilikuwa hapo hapo. Alibisha kwamba haviwezi kuhesabiwa. Alisema kitu chenye majani manne siyo mti, ni mboga, na kulungu mmoja akipita jioni kamati itakuwa imehesabu hewa. Bibi akajibu kwamba kamati ilisema hai, na ilisema vimeota vyenyewe, haikusema urefu. Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na mimi sikupaswa kusema kitu.

Lakini mwezi Aprili mwenyekiti alikuwa amembatizisha mtoto wake wa nne, na mimi ndiye niliyemshika.

"Mwanangu," nikamwambia, "wako tulimwandika kwenye kitabu cha washirika akiwa na majuma sita. Hata shingo ilikuwa haijakaza."

Binti yangu aligeuka akatazama miti. Mwenyekiti akatoa kalamu, akaandika kumi na mbili kwenye karatasi ya kamati, akatia sahihi, akampa bibi karatasi naye atie. Sahihi ya bibi ikawa kama nyayo za kuku. Hakutoa hotuba. Aliuliza tu kama kuna mtu ana maji ya kunywa.

Kamati ikapitisha kwamba msitu ufungwe, mbuzi wasiingie tena mpaka miche ipite urefu wa mdomo wao, na vichaka vitakavyochipua tuviondoe kwa mikono. Neno ngitili liliingia kwenye kumbukumbu za kikao cha Wanorwe, na herufi zake wamezikosea. Maegesho hayakuongezwa. Jumapili watu wetu wanaacha magari barabarani na kutembea, na barafu ikija watatembea juu ya barafu, na wanajua wa kumlaumu. Kijana mmoja amejitolea kuwabebea kina mama watoto, na kijana huyo ana miaka sitini na tisa na ni mimi.

Mwenyekiti alipokuwa hasemi nami vizuri kwa majuma kadhaa, nilivumilia. Nilimwombea, na niliomba asisikie kwamba ninamwombea. Kisha Jumapili moja ya Agosti, baada ya ibada, nilimkuta nyuma ya kanisa akiwa na suti na viatu vyake vizuri, na mzingo wa waya begani. Alisema kulungu amekula kimoja cha vile vidogo, amekiona mwenyewe, na kwamba hawezi kuweka sahihi yake kwenye kitu halafu kikaliwa na mnyama. Akapiga magoti kwenye udongo, akaanza kukunja waya kuwa kizimba, akilalamika kuhusu suruali, kuhusu mbu, kuhusu kanisa linaloendeshwa na mizimu ya Wasukuma. Nilikaa karibu naye nikamshikia koleo.

Alipofika kwenye mche wa tatu akasita, akaukamata kwa vidole viwili. "Huu ni mwaloni," akauliza, "ama ni ule mwingine?"

Niliutazama kwa makini sana. Nikamwambia tumngojee bibi.